Kijivu kipi cha manowari? Rangi za distroya za Kimarekani 1942–1945, kuchanganya na kupuliza

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo. Una seti ya modeli ya plastiki ya distroya (manowari nyepesi ya kasi) ya daraja la Fletcher, skeli 1/350, na karatasi yake inasema "bluu" na "kijivu" bila kusema vipi. Unataka ya mwaka 1943 yenye rangi mbili, giza chini na nyepesi juu. Na unataka kujua kwa nini ile ya kwanza ilitoka ya kijani-kijani ilhali jina la chupa lilikuwa lenyewe. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ukilielewa hayo mengine yanakuwa mepesi.

Jina la chupa halikuambii rangi. Chupa ya XF-82 ya Tamiya, kampuni ya rangi za modeli, imeandikwa Ocean Gray 2, lakini ni ya ndege za kivita za Uingereza, haihusiani na Ocean Gray ya manowari za Marekani, ambayo ni ya bluu zaidi. XF-17 Sea Blue watu wanaitumia sana kwa sitaha na ubavu wa meli za Marekani, na humo ndimo ukijani unamotoka, maana chupa ile imeegemea kijani tangu kiwandani. Mtego mwingine ni Haze Gray. Manowari za Marekani za leo zinapakwa kijivu chenye jina hilohilo, namba FS 26270 (FS ni orodha ya viwango vya rangi ya serikali ya Marekani), lakini cha leo kimepoa, karibu hakina bluu. Kile cha vita kilikuwa na bluu inayoonekana wazi. Ukiona mtu anakupa namba ya FS kwa meli ya 1943, jua ni makadirio tu, kwa sababu orodha ya FS 595 ilitoka 1956, vita vikiwa vimekwisha miaka 11.

Sasa namna wenyewe walivyozipata. Idara ya ujenzi wa meli ya jeshi la majini la Marekani ilikuwa na mwongozo wa rangi za kujificha uitwao SHIPS-2, uliotoka Januari 1941 na kusahihishwa Septemba 1941 na Juni 1942. Rangi za ubavu zilitengenezwa kwa vitu viwili: rangi nyeupe ya msingi, 5-U, na pasta ya bluu-zambarau iliyo nzito, 5-TM. Ukitia pasta kidogo unapata 5-L, kijivu chepesi. Ongeza, unapata 5-H, ndiyo Haze Gray. Ongeza tena, 5-O, ndiyo Ocean Gray. Endelea mpaka giza la bluu, 5-N. Kwa hiyo zote ni ukoo mmoja. Kwenye mfumo wa Munsell wa kupanga rangi zinakaa kwenye 5PB, yaani bluu iliyoegemea zambarau, na tofauti yake kubwa ni giza. Ya sitaha, 20-B, ilikuwa rangi ya aina nyingine, ngumu ya kukanyagwa, ila nayo imo kwenye bluu hiyohiyo na ina giza kuliko 5-N.

Hapo ndipo pa kushika: ukinunua chupa tano za majina matano kutoka kwa watengenezaji watatu, kila moja itavuta upande wake, moja kijani, moja zambarau, moja kahawia, na meli itaonekana imeungwa viraka. Ukitengeneza pasta moja na kuipunguza kwa nyeupe moja, rangi zote zitakubaliana hata kama umekosea kidogo, kwa sababu kosa litakuwa lilelile meli nzima. Jicho husamehe ukoo uliosogea kidogo. Halisamehi rangi mbili zisizo ndugu.

Kabla ya kuchanganya, chagua meli na mwezi. Usiseme tu "Fletcher ya vitani". Daraja hilo lilikuwa na meli 175, USS Fletcher yenyewe ikaanza kazi 30 Juni 1942, na nyingi zilibadilishiwa rangi zaidi ya mara moja. Kwa ufupi, kila mpango wa rangi za kujificha uliitwa Measure na kupewa namba:

Measure 12 ni ya 1941 na 1942, giza chini likipungua kadiri unavyopanda, na meli nyingi zilipakwa kwa mabaka-mabaka ya kukisiwa. Measure 21 ni 5-N kwenye kila kilichosimama wima, kuanzia mstari wa maji hadi ncha ya mlingoti, na 20-B kwenye kila kilicholala. Ilipendwa Pasifiki, ambako adui wa kuogopwa alikuwa ndege, na kutoka juu meli nyepesi juu ya bahari ya giza inaonekana mbali. Measure 22 ndiyo unayoitaka wewe: 5-N chini, 5-H juu, 20-B kwenye sitaha. Hii ilikusudiwa jicho lililo usawa wa maji, kwa mfano la nyambizi, ili sehemu ya chini ichanganyike na bahari na ya juu iyeyuke kwenye ukungu wa upeo wa macho. Measure 31, 32 na 33 ni zile za mapande makubwa yenye pembe, zilizoingia na nyongeza ya Machi 1943. Ile 32 kwa kawaida ni nyeusi, 5-O na 5-L, na mchoro wa kulia aghalabu si sawa na wa kushoto. Kisha 1945 nyingi zilirudishwa kwenye 21 au 22.

Mapema 1945 kuna kona nyingine: bluu-zambarau ilianza kuachwa na vijivu visivyo na bluu vikashika nafasi yake. Kwa hiyo Measure 22 ya 1943 na Measure 22 ya katikati ya 1945 zina mchoro mmoja lakini rangi tofauti. Kwa ile ya 1943 huna wasiwasi, tia bluu.

Kuhusu picha za zamani. Filamu nyingi za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na hazikuwa za aina moja. Filamu ya othokromatiki haioni nyekundu, kwa hiyo nyekundu inatoka karibu nyeusi na bluu inatoka nyepesi kuliko ilivyo. Ya pankromatiki inaona zote. Meli moja yenye 5-N inaweza kuonekana nyeusi kwenye picha hii na kijivu cha katikati kwenye ile. Tumia picha kujua mpaka wa rangi ulipita wapi, namba ilikaa wapi, sitaha ina giza kuliko ubavu au la. Rangi yenyewe itafute kwenye mwongozo. Hata picha za rangi za filamu ya Kodachrome, baada ya kuskaniwa na kurekebishwa na mtu usiyemjua, na kutazamwa kwenye simu yenye mwanga wa manjano, haziwezi kuwa hakimu. Meli za makumbusho nazo, kama USS Kidd pale Baton Rouge, ni nzuri mno kwa umbo na vifaa vya sitahani, lakini rangi iliyo juu yake ni ya viwanda vya leo.

Haya, mchanganyiko. Natumia chupa za Tamiya za ml 10 kwa sababu ndizo rahisi kuagiza na zinakubali kuchanganywa zenyewe kwa zenyewe. Nunua sirinji za ml 1 na ml 5 duka la dawa, utaachana na kuhesabu matone. Pasta:

XF-8 bluu, ml 5
XF-1 nyeusi, ml 5
X-16 zambarau, ml 1

Unapata ml 11. Koroga dakika mbili nzima kwenye kichupa safi chenye kifuniko. Ile zambarau ni ya kung'aa, usijali, kiasi chake ni kidogo na vanishi ya mwisho itaizima. Usiiruke: nyeusi na nyeupe zikikutana na bluu peke yake huvuta kwenye bluu ya kijani-kijani, na zambarau ndiyo inayorudisha rangi kwenye ukoo wake.

Kutoka hapo, kwa meli moja ya 1/350, ambayo ina urefu wa sentimita 33 kasoro kidogo:

5-N: pasta ml 4.2, XF-2 nyeupe ml 1.8
5-H: pasta ml 1.2, nyeupe ml 4.8
20-B: pasta ml 4.2, nyeupe ml 0.8

Jumla umetumia pasta ml 9.6 na nyeupe ml 7.4, kwa hiyo chupa moja ya nyeupe inatosha na pasta inabaki ya kurekebishia makosa. Kama siku moja utafanya Measure 32, anza 5-O na pasta 4 kwa nyeupe 6, na 5-L pasta 1 kwa nyeupe 8. Hivi ni vianzio. Pigment hutofautiana kidogo toleo kwa toleo, kwa hiyo pima.

Kupima: paka kila rangi mgongoni mwa kijiko cheupe cha plastiki, mikono miwili, iache ikauke kabisa. Akriliki ikikauka huongezeka giza, usiihukumu ikiwa mbichi. Panga vijiko kivulini, kando ya dirisha, pamoja na kimoja cha XF-1 tupu. Piga picha kwa simu, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Unatafuta mpangilio huu: nyeusi, kisha 20-B, kisha 5-N iliyo jirani ya 20-B lakini inatofautika, kisha pengo kubwa, ndipo 5-H. Kama 20-B na 5-N zimekuwa kitu kimoja, ongeza nyeupe kidogo kwenye 5-N. Kama 5-N imemezwa na nyeusi, pasta yako ina nyeusi nyingi. Baada ya hapo irudishe picha kwenye rangi na utazame ukoo: 5-H ikionekana kama maji ya bahari ya kina kifupi, kuna kijani, dondoshea tone moja la zambarau. Ikionekana ya waridi, umezidisha.

Kuna wanaosema modeli ndogo lazima iongezewe nyeupe kwa sababu hewa hufifisha kitu kilicho mbali. Ni kweli kiasi, ila watu wanaifuata kama sheria ya dini na kuishia na manowari za rangi ya maziwa. Vipimo nilivyokupa vimeshapunguzwa giza kidogo kwa ajili ya 1/350. Usiongeze tena. Kwa 1/700 unaweza kuongeza nyeupe kwa sehemu moja ya kumi, basi.

Tuje kwenye plastiki. Osha fremu zote zenye vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, ziache zikauke usiku kucha. Zinatoka kiwandani na mafuta ya kutolea kwenye kalibu, na hayo ndiyo huifanya rangi ibanduke kama ngozi ukitoa tepu. Viungo vya mwili piga msasa wa maji 400, kisha 800, malizia 1200. Vipande vya shaba vya kuchongwa kwa asidi, kama reli na rada, vipanguse kwa asetoni kabla ya kugusa rangi, na usivishike tena kwa vidole vitupu.

Praima ya kijivu. Kama huna ya modeli, kopo la praima ya magari la kupuliza linafanya kazi, lakini lijaribu kwanza kwenye fremu tupu. Baadhi ya hizo zina thina kali inayokula polistairini, na uso unakuwa kama umekwaruzwa na paka. Ikipita mtihani, puliza kutoka sentimita 25, mikono mitatu miembamba, na kila mkono uguse tu. Mkono mmoja mzito utaziba maelezo yote ya 1/350, mistari ya mabati na vishikio vya ngazi vitapotea na havirudi.

Na thina ya kawaida ya dukani, ile ya lita ya mafundi wa magari, iache kwa kuoshea bunduki ya kupulizia rangi. Usiichanganye kwenye rangi ya kwenda kwenye plastiki tupu. Wapo wanaokwenda kwa wachanganya rangi za magari na kijiko cha sampuli, wakachanganyiwa rangi kwa mashine. Rangi yenyewe inaweza kutoka sahihi ajabu. Shida ni kwamba imetengenezwa kukaa nene juu ya bati na imebebwa na thina hiyohiyo kali. Ukiamua njia hiyo, praima iwe kamili bila tundu, na upulize vumbi-vumbi, isikae mbichi juu ya modeli.

Mpangilio wa kupaka mwili: anza chini, panda juu. Chini ya maji ni nyekundu iliyofifia ya kuzuia chaza na majani ya baharini. XF-9, nyekundu ya chini ya meli, peke yake ni kahawia mno, ichanganye 2 kwa 1 na XF-7 nyekundu. Karibu sana na ile redi oksaidi ya wachomelea mageti, ila usitumie ya kopo la mageti, chembe zake ni kubwa kama changarawe kwenye skeli hii. Ikikauka, unaweka mkanda mweusi wa mstari wa maji. Kwenye 1/350, meta moja halisi ni milimita 2.9, na mkanda wa milimita 3 hivi unakaa sawa. Tazama picha ya meli yako kabla ya kukata tepu.

Kuchora mstari: weka mwili juu ya kioo au marumaru iliyo sawasawa, uuegemeze kwa udongo wa kuchezea ili mkuku usiyumbe, kisha funga penseli kwenye kibao cha kimo unachotaka na uizungushe meli nzima bila kuinua kibao. Usijaribu kwa rula. Ubavu umepinda, rula itakudanganya omo na tezi.

Kibao hichohicho ndicho kitakachokuokoa kwenye kosa kubwa la Measure 22. Watu wengi hufuata ukingo wa sitaha kwa 5-N, kutoka tezi hadi omo, na mstari unapinda kwenda juu pamoja na sitaha. Si hivyo. Mpaka wa 5-N na 5-H ni mnyoofu, sambamba na maji. Unatafuta mahali ambapo ukingo wa sitaha kuu uko chini kuliko kwingine kote, ambapo kwa Fletcher ni nyuma ya katikati, unaweka ncha ya penseli kwenye kimo hicho, na kuzunguka. Sitaha ya Fletcher inapanda kuelekea omo, kwa hiyo huko mbele kutabaki pembetatu ndefu ya 5-H kati ya mstari na ukingo wa sitaha. Pembetatu hiyo isipokuwapo, mtu anayezijua meli hizi ataona akiwa mlangoni.

Kupuliza: eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) ya mdomo wa milimita 0.3, shinikizo kati ya 15 na 20 psi, rangi sehemu moja kwa X-20A, thina ya Tamiya, sehemu moja hadi moja na nusu. Umbali sentimita 5 hadi 8. Tepu iwe ya modeli. Masking tepu ya dukani ina gundi kali. Kama huna nyingine, ibandike na kuibandua kwenye kioo mara tatu nne ipungue nguvu, na kata ukingo wake mpya kwa wembe, maana ule wa kiwandani umejaa vumbi. Kabla ya kupuliza rangi mpya kwenye ukingo wa tepu, puliza kwanza ile iliyo chini ya tepu, mkono mwembamba mmoja. Ikiwa kuna mahali pa kuvuja, itavuja rangi hiyohiyo na kuziba, kisha mpya inakuja juu na mstari unatoka kama umekatwa na kisu. Subiri saa 24 kabla ya kubandika tepu juu ya akriliki, 48 juu ya enameli. Kubandua, vuta tepu ikijikunjia yenyewe, taratibu, usiinyanyue wima.

Huna eabrashi? Brashi bapa ya upana wa milimita 8 hadi 10, rangi iliyopunguzwa kidogo, mikono mitatu, kila mkono uvute upande mmoja tu na usirudi juu ya rangi iliyoanza kukauka. Akriliki za Tamiya ni ngumu kwa brashi, zinafumua mkono wa chini. Kwa brashi, rangi za kampuni ya Vallejo ni tulivu zaidi, ila basi tengeneza pasta yako yote kwa Vallejo, usichanganye ukoo.

Matatizo utakayokutana nayo, hasa kama uko pwani. Uso ukitoka na chembe kama vumbi la saruji, rangi inakauka hewani kabla ya kufika: sogea karibu, punguza shinikizo, au ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka. Uso ukitoka kama ganda la chungwa, rangi ni nzito. Ikitawanyika miguu ya buibui, ni nyepesi mno au umekaribia mno. Na ukungu mweupe juu ya rangi au vanishi ni unyevu wa hewa ulionaswa ndani, ugonjwa wa Dar na Mombasa wakati wa masika. Unyevu huwa chini zaidi saa saba hadi saa tisa mchana, kwa hiyo puliza vanishi wakati huo, ndani ya nyumba, modeli ikiwa kivulini. Asubuhi mapema au baada ya mvua usiguse. Ukungu ukishaingia, wakati mwingine mkono mwembamba wa vanishi ileile siku kavu huuyeyusha.

Sitaha ni 20-B, na neno sitaha hapa lina maana pana: kila kilicholala kinachoonwa na ndege. Paa za vibanda vya mizinga ya inchi 5, paa la darajani, majukwaa ya mizinga midogo, vyote. Kuta zake zinafuata rangi ya wima ya mahali zilipo. Mlingoti na dohani kwenye Measure 22 ni 5-H. Rafadha ni rangi ya shaba, usiziache zing'ae kama pete. Namba za omoni na tezini ni nyeupe. Bendera ya kipindi hicho ina nyota 48. Ukikuta seti imekupa yenye 50, itupe, ya 50 ilikuja baadaye sana. Kwenye Measure 31 hadi 33 kuna jambo la ziada: sehemu za chini za majukwaa yaliyotokeza zilipakwa nyeupe ili kuua kivuli. Kwa yako ya Measure 22 hilo halikuhusu.

Karatasi za namba zibandike juu ya vanishi ya kung'aa, X-22, kamwe si juu ya rangi kavu isiyong'aa. Uso usiong'aa una vishimo, hewa inabaki chini ya karatasi na inaonekana kama magamba ya fedha.

Uchakavu, mkono mwepesi. Distroya inayofanya kazi ilipakwa rangi mara kwa mara na mabaharia wake wenyewe, haikuwa mkebe ulioachwa ufukweni. Maji ya rangi ya mafuta, kahawia ya giza na nyeusi, sehemu moja kwa tapentaini safi sehemu 12 hadi 15, juu ya vanishi ya kung'aa iliyokauka siku nzima. Gusa kwenye pembe na chini ya milango, usioshe meli nzima. Kutu kidogo chini ya tundu la mnyororo wa nanga na kwenye mifereji ya kutolea maji ya sitaha, ikishuka wima. 5-N ilififia juani, kwa hiyo unaweza kupuliza 5-N yenye nyeupe kidogo zaidi katikati ya ubavu, nyepesi kama maji, na kuacha karibu na mkanda mweusi ibaki na giza. Tofauti ionekane ukiitafuta tu.

Mwenzetu mmoja ameuliza kama vipimo hivi vinafaa kwa Königsberg, manowari iliyozamia Rufiji: hapana. Ile ni ya Kijerumani, iliyozama 1915, ukoo mwingine kabisa, na meli za Kijerumani za vituo vya ng'ambo kabla ya vita zilikuwa na desturi ya mwili mweupe na dohani za manjano ya udongo, jambo ambalo lazima ulichunguze kwa tarehe ya picha yako. Meli za Waingereza za Kikosi cha Mashariki zilizokuja Kilindini 1942 nazo zina namba zao, 507A, 507C na nyinginezo. Usizitie kwenye pasta ya 5PB. Za Kijapani zinatofautiana kwa gati lililozihudumia, ndiyo maana kuna chupa ya Kure na chupa ya Sasebo.

Kwa oda yako, mkuu: XF-1, XF-7, XF-8, XF-9, X-16, X-22 moja-moja, X-20A chupa kubwa, vanishi isiyong'aa, tepu ya milimita 6 na ya milimita 10. Enameli na makopo ya kupuliza ni vitu vya kuwaka, wasafirishaji wengi wa ndege hawavichukui, kwa hiyo waulize kabla ya kulipa. Nyeupe, XF-2, agiza mbili. Ndiyo inayoisha.